Irving Langmuir, mzee aliyechungulia ngozi ya vitu

Juzi mathe alinipa kazi niliyodhani ni ya dakika tano. Beseni lake la plastiki, lile kubwa la kufulia, lilikuwa limepata ufa chini. Nikanunua supaglu dukani, nikapaka, nikabandika kipande cha plastiki juu ya ufa, nikaweka jiwe juu yake na kungoja. Jioni nikakigusa kwa kidole tu kikatoka chote, gundi imeganda kama ukucha. Beseni lenyewe halikuwa na hata alama. Ni kama gundi haikuwahi kufika pale.

Nikalipeleka kwa fundi wa viatu pale stejini, maana yule hushinda mchana kutwa akibandika vitu. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia plastiki ya aina hiyo haikubali gundi mpaka uipitishie moto kidogo, haraka haraka, bila kuiyeyusha. Nilipomuuliza ni kwa nini akacheka, akarudi kwa kiatu chake. Inafanya kazi, basi, yeye hana haja ya kujua zaidi.

Lakini mimi nilikuwa na haja. Usiku huo nilikesha na simu nikisoma, na kila nilipogeuka nikakutana na jina lile lile: Irving Langmuir, Mmarekani aliyefariki mwaka 1957. Kumbe kile anachokifanya fundi wetu kwa moto, viwanda vinakifanya kwa plazima, yaani gesi iliyopigwa umeme hadi atomu zake zikapasuka na kuanza kung'aa. Bampa ya gari hupitishiwa hiyo kitu, au moto, kabla ya kupakwa rangi. Plastiki ya pakiti hupigwa umeme wa namna hiyo kabla ya kuchapishwa, la sivyo wino utatoka na vidole vyako. Na jamaa aliyeipa plazima jina lake ndiye yule yule aliyetuonyesha kwamba kushikana kwa vitu viwili huamuliwa na tabaka jembamba ajabu, unene wa molekuli moja. Ni mtu mmoja, na hizo mbili hakuwahi kuziweka pamoja yeye mwenyewe.

Langmuir alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 31 Januari 1881, wa tatu kati ya wavulana wanne. Baba yake alikuwa mtu wa bima. Wazazi wake waliwahimiza watoto wakiona kitu wakiangalie vizuri na wakiandike, jambo lililokuwa na kejeli fulani kwa Irving, kwa sababu hadi alipofika miaka 11 hakuna aliyekuwa amegundua kwamba macho yake ni mabovu. Akavalishwa miwani. Vitu vidogo vidogo vilivyokuwa vikimponyoka vikaanza kuonekana, na tangu hapo hakuacha kuchungulia. Kakake mkubwa, Arthur, aliyekuwa mwanakemia, alimsaidia kutengeneza maabara kwenye kona ya chumba chake cha kulala.

Kazi ya baba iliipeleka familia Paris kwa miaka mitatu, kisha wakarudi. Mwaka 1903 akamaliza uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Columbia, halafu akavuka bahari tena hadi Göttingen, Ujerumani, akawa mwanafunzi wa Walther Nernst. Huko alichunguza kinachotokea kwa gesi inapogusa waya wa moto unaong'aa. Kumbuka huo waya, maana maisha yake yote ni kama aliendelea kuuzunguka tu. Pia alikuwa mtu wa milima na miguu. Kuna siku alitembea maili 52, kama kilomita 84, ambazo ni karibu sawa na kutoka Nairobi kwenda Naivasha, kwa miguu, kwa raha zake.

Alipopata shahada ya uzamifu mwaka 1906 alirudi nyumbani, akaajiriwa kufundisha kemia katika Stevens Institute of Technology kule Hoboken, New Jersey. Hapo hakufurahi. Alikuwa na vipindi tele na muda wa utafiti haukuwepo. Mwaka 1909, likizo ya kiangazi ilipofika, aliomba kibarua cha miezi michache katika maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York. Kibarua hicho kiliisha mwaka 1950.

Mkuu wa maabara, Willis Whitney, alikuwa bosi wa aina ambayo sijawahi kuwa naye. Badala ya kumpa kijana kazi, alimwambia azunguke siku kadhaa, aongee na watu, aone kinachomvutia. Langmuir akavutiwa na balbu. Wakati huo kampuni ilikuwa imeanza kutengeneza balbu za waya wa tungsteni, na zilikuwa na ugonjwa mmoja: kioo kilikuwa kikiingia weusi kwa ndani hadi taa inafifia. Wataalamu wote walikuwa na jibu moja. Ndani ya balbu hamna hewa, ila kuna mabaki kidogo, kwa hivyo itolewe zaidi. Pampu bora ndiyo dawa.

Langmuir alifanya kinyume. Aliona kwamba kama gesi iliyobaki ndiyo mbaya, basi aiingize makusudi, moja baada ya nyingine, aone kila moja inaleta madhara gani. Kwa miaka kama mitatu alicheza mchezo huo. Oksijeni ndani, angalia. Haidrojeni ndani, angalia. Mvuke wa maji ndani, angalia. Alianza kuona haya kwa kula pesa za kampuni bila kuleta kitu cha kuuza, akamweleza Whitney hivyo, na Whitney akamwambia aendelee tu.

Akagundua mambo mawili. La kwanza, mvuke wa maji ni mwizi wa kweli: unagusa tungsteni ya moto, unaibeba, unaipeleka hadi kwenye kioo, unaiacha pale, halafu unarudi kubeba nyingine, na wenyewe hauishi. La pili, hata ukiondoa mvuke wote, waya wa moto sana unageuka mvuke wenyewe polepole, na ule utupu ambao kila mtu aliutamani ndio unaourahisishia safari. Kwa hivyo tiba ikawa kujaza balbu gesi tulivu, nitrojeni na baadaye agoni, ili atomu za tungsteni zinapotaka kukimbia zigongane na gesi na nyingi zirudi. Gesi hiyo ilikuwa inapoza waya, naye akajibu kwa kuusokota waya kama springi, ukabaki na joto lake. Balbu hizo zilianza kutoka kiwandani mwaka 1913. Kama umekulia nyumba yenye ile balbu ya zamani ya rangi ya manjano, ile waya yake iliyosokotwa ilikuwa kazi ya huyu mzee.

Lakini kilichomkaa kichwani hakikuwa balbu. Kilikuwa tabia ya gesi kwenye uso wa ule waya. Alikuwa ameona kwamba gesi inapogusa chuma haikai juu yake kama blanketi nene linalopungua taratibu kuelekea juu, jinsi wengi walivyodhani. Inashika safu moja. Fikiria viti vya matatu: abiria akishakaa kiti kimejaa, anayefuata atafute kingine, na viti vikiisha vimeisha. Kuanzia mwaka 1916 alichapisha hesabu ya jambo hilo, na wanafunzi wa kemia bado wanaihesabu hadi leo kwa jina lake.

Halafu akaenda kwa mafuta na maji, na hapa ndipo ninapompendea zaidi. Alichukua sinia refu la maji, akadondosha mafuta kidogo mno, akayasukuma kwa kizuizi upande mmoja huku akipima nguvu upande wa pili. Alitaka kujua kila molekuli inachukua nafasi kiasi gani juu ya maji. Akajaribu asidi za mafuta za urefu tofauti, zenye mkia wa kaboni chache na zenye mkia mrefu. Ungetarajia ndefu ichukue nafasi kubwa zaidi, kama mtu mrefu aliyelala kitandani. Haikuwa hivyo. Zote zilichukua nafasi karibu sawa kabisa. Jibu lililobaki lilikuwa moja tu: hazijalala, zimesimama wima, zimebanana kama watu kwenye foleni. Kila moja ina kichwa chenye oksijeni kinachopenda maji, na mkia wa kaboni na haidrojeni usiopenda maji hata kuyaona. Vichwa viko majini na mikia imeelekea juu hewani. Hiyo ilikuwa mwaka 1917, hakuna darubini ya kuona molekuli, na mtu amejua zimekaaje kwa kutumia sinia.

Hapa lazima nimtaje mtu mwingine, maana habari za wanaume wakubwa huwa na tabia ya kuwasahau wengine. Sinia hilo halikuwa wazo la Langmuir mwanzo. Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani aliyeishi Braunschweig, alikuwa ametengeneza la kwake kwa vitu vya nyumbani zaidi ya miaka 30 kabla. Enzi zake wanawake kule hawakuruhusiwa chuo kikuu. Kakake mdogo, aliyekuwa akisoma fizikia huko huko Göttingen, alimpa vitabu, naye akawa anafanya vipimo vyake huku akiwatunza wazazi wagonjwa. Mwaka 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza, na Rayleigh, kwa heshima yake, akahakikisha barua hiyo imechapishwa katika jarida la Nature. Langmuir alijenga juu ya msingi wa mama huyo, akaongeza vipimo bora na maelezo ya vichwa na mikia. Mwaka 1932 Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yake kuhusu nyuso za vitu. Mwaka huo huo Pockels, akiwa na miaka 70, alipewa shahada ya heshima na chuo cha ufundi cha mji wake. Miaka mitatu baadaye akafariki. Soma hizo sentensi mbili tena uone kama zina uzito sawa.

Sasa rudi kwa beseni la mathe. Plastiki ya beseni ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni peke yake. Kwa lugha ya Langmuir ni mikia mitupu, hakuna kichwa hata kimoja. Mwaga tone la maji juu yake uone linavyojikunja kuwa shanga, linakataa kutambaa. Gundi pia ni kiowevu. Ikikataliwa namna hiyo haienei, haigusi kila mahali, na ikikauka imekaa tu juu kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Kukwaruza kwa msasa kunasaidia kidogo kwa sababu kunaipa gundi mashimo ya kushikilia, lakini hakubadilishi tabia ya plastiki yenyewe. Unachohitaji ni kuipandikizia vichwa.

Plazima ndiyo inayopandikiza. Na jinsi Langmuir alivyofika kwa plazima ni kwa kurudi kwa ule waya wa moto. Katika miaka ya 1920 alikuwa anachunguza mirija ya gesi inayopitishiwa umeme, ile inayong'aa. Ndani ya mrija, elektroni zimeng'olewa kutoka kwa atomu na zinarukaruka, atomu zilizoibiwa zimebaki na chaji, na vyote vinaishi pamoja kwa usawa wa ajabu. Alipima hali ya mle ndani kwa kuchomeka kijiwaya chembamba na kusoma mkondo wake, mbinu ambayo watafiti wa plazima bado wanaitumia na kuiita kwa jina lake. Kilichokosekana kilikuwa jina la kitu chenyewe. Mwenzake wa maabara, Harold Mott-Smith, alikuja kueleza baadaye kwamba Langmuir alifikiria damu: jinsi ule majimaji wake, plazima, unavyobeba chembe nyekundu, nyeupe na vijidudu, ndivyo gesi hii inavyobeba elektroni na atomu zenye chaji. Akalichapisha jina hilo mwaka 1928. Halikupendwa mara moja, lakini leo halina mpinzani. Kubatiza vitu kulikuwa kipaji chake, maana hata neno la kemia la kovalenti, lile mwalimu wa kidato cha pili alilokusumbua nalo, lilitoka kwake mwaka 1919.

Plazima unaijua hata kama hujui unaijua. Radi ni plazima. Ile mirija mieupe ya taa ya supamaketi ina plazima ndani. Mwanga unaokuchoma macho ukimtazama fundi wa welding wa jua kali bila miwani ni wa plazima. Na kwa habari ya welding, Langmuir alikuwa na yake pia: alipasua haidrojeni kwa umeme, atomu zake zikifika juu ya chuma zinaungana tena na kumwaga joto la kutosha kukiyeyusha. Watu walichomelea vyuma kwa njia hiyo kwa miaka mingi.

Ukiipitisha plazima juu ya plastiki, elektroni na atomu zenye hasira zinagonga minyororo ya juu kabisa na kukata viungo vyake. Panapokatwa panabaki na njaa ya kushikana na chochote, na kilicho karibu mara nyingi ni oksijeni. Oksijeni inaingia. Mkia umepata kichwa. Wakati huo huo uchafu mwembamba wa mafuta, ule usioonekana kwa macho, unateketezwa. Mwaga maji sasa na yatatambaa badala ya kujikunja, na gundi, wino au rangi itafanya vivyo hivyo. Haya yote hutokea katika sekunde chache au hata chini ya sekunde, na kina chake ni nanomita chache tu, karibu sawa na urefu wa zile molekuli za mafuta zilizosimama kwenye sinia. Ndani beseni linabaki beseni. Moto wa fundi wetu unafanya kazi kama hiyo kwa njia ya kienyeji zaidi, kwa kuwa mwali nao una chembe zenye chaji kidogo na oksijeni iliyochangamka.

Kazi hii ina udhaifu wake, na viwanda vinaujua. Vichwa vilivyopandikizwa havikai juu milele. Minyororo ya plastiki inajigeuza taratibu, vichwa vinazama ndani, mikia inarudi juu. Ukikawia siku nyingi kabla ya kubandika au kuchapisha umerudi ulikoanza. Ndiyo maana mashine ya kuchapisha plastiki mara nyingi huwa na kifaa cha kupiga umeme papo hapo, hatua chache kabla ya wino.

Langmuir hakuwahi kufanya hayo kwa plastiki. Polithini yenyewe iligunduliwa kwa bahati Uingereza mwaka 1933, na viwanda vilipoanza kuhangaika na wino usioshika juu yake miaka ya 1950, mzee alikuwa ameshastaafu na akili yake iko mawinguni. Hilo la mawingu ni la kweli, si mafumbo, na nitalifikia.

Kwanza kuna watu wawili wa maabara yake. Katharine Blodgett alizaliwa Schenectady mwaka 1898. Baba yake, wakili wa hataza wa General Electric, aliuawa na mwizi nyumbani wiki chache kabla bintiye kuzaliwa. Mwaka 1918 Langmuir alimwajiri, mwanamke wa kwanza kuwa mwanasayansi katika maabara hiyo. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamifu ya fizikia Cambridge. Aliporudi, aliichukua ile safu moja ya mafuta juu ya maji na kutafuta njia ya kuihamishia kwenye kioo: chovya, inua, safu moja imeshika, chovya tena, safu ya pili. Mwaka 1938 alifikisha safu 44 na kupata kioo kisichorudisha mwanga, ambacho ukikitazama ni kama hakipo. Safu hizo zilifutika kirahisi, lakini wazo la kukifunika kioo kwa ngozi nyembamba ili kisimeremete liliendelea kwa wengine, hadi kwenye miwani ya macho na lenzi za kamera.

Wa pili ni Vincent Schaefer, na huyu nilimsoma mara mbili. Aliacha shule ya upili akiwa kijana ili kusaidia familia, akaingia karakana ya General Electric kama fundi wa mashine. Alikuwa mtu wa kutengeneza chochote unachomwelezea. Langmuir akamvuta kutoka karakana hadi maabara, wakaandika makala pamoja, wakapanda milima pamoja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walitengeneza mashine za moshi wa kuficha majeshi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sina mpango wa kujilinganisha na mtu, ila nilifurahi kuona kwamba mshindi wa Nobel hakumuuliza fundi makaratasi.

Schaefer ndiye aliyewapeleka mawinguni. Mwaka 1946 alikuwa anacheza na friza, anapulizia pumzi ndani ili apate kawingu kadogo. Siku moja akatupa kipande cha barafu kavu ili kuipoza zaidi, na mle ndani kukajaa chembe za theluji papo hapo. Tarehe 13 Novemba mwaka huo alirushwa kwa ndege akamwaga barafu kavu juu ya wingu huko Massachusetts, huku Langmuir akitazama kutoka chini. Theluji ikaanza kudondoka kutoka kwenye wingu. Mzee alikuwa na miaka 65 na alifurahi kama mtoto.

Nadhani hapo ndipo alipopotea njia. Mwezi Oktoba mwaka 1947, mradi wao na jeshi ulimwaga barafu kavu kwenye kimbunga kilichokuwa kikielekea baharini mbali na Florida. Kimbunga kikageuka, kikarudi, kikapiga pwani ya Georgia na kuleta uharibifu. Ungetarajia mtu aombe isiwe ni yeye. Langmuir alitangaza kwamba ni wao waliokigeuza. Wataalamu wa hali ya hewa walipochunguza walisema kilikuwa kimeanza kugeuka kabla, na kwamba kimbunga kingine cha mwaka 1906 kilipita njia kama hiyo bila msaada wa mtu. Hakukubali. Baadaye wakawa wanafukiza iodaidi ya fedha New Mexico kwa ratiba ya kila wiki, naye akadai mvua ya kila wiki iliyoonekana mamia ya maili mashariki ilikuwa yao. Idara ya hali ya hewa ikakataa, yeye akashikilia.

Kinachouma ni hiki. Tarehe 18 Desemba 1953, katikati ya ubishi huo wote, alitoa mhadhara kuhusu wanasayansi waaminifu wanaojidanganya. Hakuwa anawasema matapeli. Alikuwa anawasema watu wazuri wanaoona matokeo hafifu kabisa, yaliyo kwenye ukingo wa kile kinachoweza kupimika, wakawa na jibu tayari kwa kila anayewapinga. Aliwachambua mmoja mmoja kwa ustadi. Ni moja ya vitu vinavyosomwa sana kati ya alivyoacha. Mawingu yake hakuyaweka kwenye orodha. Jamaa aliyetumia miaka mitatu kuiuliza balbu kila gesi inafanya nini, moja moja, hakuwa na subira hiyo kwa anga, na anga haina kizuizi cha kusukuma wala upande wa pili wa kupimia.

Alifariki tarehe 16 Agosti 1957 huko Woods Hole, Massachusetts, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 76. Aliacha mjane, Marion, na watoto wawili waliowaasili, Kenneth na Barbara. Jarida kubwa la kemia ya nyuso za vitu linaitwa Langmuir. Ile mistari mirefu ya magugu na povu unayoiona juu ya ziwa au bahari siku ya upepo nayo ina jina lake, kwa sababu aliiona akivuka Atlantiki mwaka 1927, akaenda kuichunguza kwenye Lake George hadi akaielewa.

Kuhusu beseni, nilifuata maneno ya fundi. Nilifutia petroli kwanza, nikaliacha likauke kabisa, nikasogea mbali na kibuyu cha petroli, kisha nikapitisha mwali wa kichomeo cha gesi juu ya ufa kwa haraka, kama mtu anayepaka siagi. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Nikadondosha maji: pembeni yakawa shanga, pale nilipopitisha moto yakatambaa. Nikakausha, nikapaka gundi dakika hiyo hiyo. Wiki ya tatu sasa kiraka bado kipo, ingawa mathe hajaliamini tena na analitumia kuwekea vibanio vya nguo.